Ufundi wa pikipiki: kwa wakala au kwa fundi wa mtaani, wapi unalipa zaidi?

Pikipiki imeanza kutoa moshi wa bluu nyuma na oili inapungua kabla sevisi haijafika. Fundi wa kijiweni anakuambia ufundi ni elfu thelathini, ulete ringi tu. Unapita kwa wakala anayeuza pikipiki za aina hiyo, wanakuandikia mara mbili ya hiyo hela, halafu kodi juu. Wengi hapo hapo wanageuza pikipiki kurudi kijiweni.

Huenda wako sahihi. Lakini bei ya ufundi peke yake haisemi kazi itakugharimu kiasi gani. Kuna spea, kuna siku ambazo pikipiki imelala, na kuna swali la nani atalipa ikiharibika tena.

Kwa nini wakala ni ghali?

Kwa wakala hulipi mikono ya fundi peke yake. Unalipa pango la karakana, mshahara wa fundi (ambao anaupata hata siku ambayo hakuna kazi), mtu wa mapokezi, na vifaa maalum vya modeli yako. Bei zao mara nyingi ziko kwenye orodha, kila kazi na bei yake. Ukiwa mteja mzuri au mgeni, bei ni ile ile.

Kisha kuna VAT. Wakala aliyesajiliwa kwa kawaida anatoza asilimia 18 kwa Tanzania Bara, na Kenya ni asilimia 16. Kwa hiyo ukiambiwa "ufundi elfu sitini", uliza swali moja: hiyo ni pamoja na VAT au bado? Kama bado, utalipa 70,800.

Fundi wa mtaani hana mzigo huo. Ana boksi la spana, kivuli cha mti au banda, na vijana wawili watatu wanaojifunza. Bei yake ni ya kuelewana, na inategemea pia anavyokuona. Ukija na pikipiki mpya inayong'aa na simu kubwa mkononi, usishangae bei ikapanda.

Mahali ambapo fundi anakula hela yake

Hapa wengi hawaangalii. Fundi anayetaja ufundi mdogo sana mara nyingi anapata sehemu ya hela yake kwenye spea. Anakwambia "nipe hela nikakuletee", anaenda dukani, anarudi na bei yenye cha juu. Ufundi ukawa elfu ishirini, lakini spea ya elfu kumi na tano umelipa elfu ishirini na tano.

Sio wizi kila mara. Kuna mafundi wanaokwambia wazi kwamba muda wa kwenda dukani nao una bei. Ila kama unataka kulinganisha sawasawa, tenga mambo mawili: ufundi peke yake, spea peke yake. Nenda dukani mwenyewe au piga simu maduka mawili kabla. Kwa Dar, Kariakoo bei zinatofautiana hata kwa maduka yaliyopakana. Kwa Nairobi watu wa spea wako Kirinyaga Road. Ukishajua bei ya ringi, gasketi na oili, utajua fundi amekutoza ufundi kiasi gani kweli.

Na kazi ikiisha, omba spea za zamani ziwekwe kwenye mfuko, uondoke nazo. Hata kama utazitupa mbele ya safari. Fundi akijua utaziomba, hawezi kukuambia amebadilisha kitu ambacho hajakigusa.

Hesabu ya siku iliyolala

Tuchukue kazi ile ya ringi. Namba hizi ni za mfano, weka zako.

Dereva anapeleka hesabu ya 10,000 kwa siku kwa mwenye pikipiki, na yeye anabakiwa na 10,000. Pikipiki ikilala siku moja, 20,000 imepotea. Mikataba mingine haina huruma: siku ya gereji nayo inahesabiwa, na hesabu inadaiwa kama kawaida.

Kwa wakala: ufundi 70,800 pamoja na VAT, pikipiki inalala siku 2 kwa sababu kuna foleni. Jumla 110,800.

Kwa fundi wa mtaani: ufundi 30,000, kazi inaisha siku 1. Jumla 50,000.

Spea tumeziacha pembeni kwa sababu unanunua kote kote. Sasa tuseme fundi amekosea. Moshi umerudi baada ya wiki. Anarudia kazi bila kukutoza ufundi, lakini unapoteza siku nyingine 20,000, na unanunua gasketi na oili upya, tuseme 25,000. Umefika 95,000. Bado uko chini ya wakala!

Hii ndiyo sababu watu wa bodaboda wanang'ang'ania mafundi wao, na hawakosei. Fundi wa mtaani anaweza kukosea mara moja na bado akawa nafuu.

Hesabu inageuka pale kosa linapoharibu kitu. Ringi ikivunjika wakati wa kuingiza pistoni ikakwaruza silinda, sasa unatafuta mashine ya kuchonga silinda, pistoni mpya ya saizi ya juu, na siku nyingine. Weka 80,000 hapo. Umeshafika 175,000, na injini imeguswa mara mbili. Kwa hiyo jiulize pia: hii kazi ikiharibika, itaharibika na nini?

Kazi kwa kazi

Pancha, cheni na sproketi, breki shuu, taa, kioo, waya wa klachi: hakuna sababu ya kwenda kwa wakala, labda uwe umepita tu hapo. Ni kazi za wazi, unaona kinachofanyika, na kosa linaonekana haraka. Kwenye breki tu, hakikisha unazijaribu polepole kabla ya kurudi barabarani.

Kumwaga oili ni kazi ya dakika chache. Mafundi wengi hawatozi kitu ukinunua oili kwao. Hatari iko sehemu mbili: oili feki, na nati ya kumwagia oili. Mimi nilishawahi kulipia uzembe wa kijana mmoja aliyekaza nati hiyo kwa spana ndefu kama anafunga gurudumu la lori. Sevisi iliyofuata nati ikawa inazunguka bila kushika, oili ikivuja. Ufundi wa bure ukanizalia kazi ya kuchonga nyuzi upya. Nunua oili mwenyewe kwenye duka unaloliamini, fungua kizibo mwenyewe, na simama pale.

Kuseti tapeti ni kazi ndogo inayodharauliwa. Kwa injini nyingi za Boxer au TVS HLX inafanywa injini ikiwa baridi, kwa vibati vyembamba vya kupimia. Ukifika na injini inawaka moto na fundi akaanza kufungua hapo hapo, na anaseti kwa kusikiliza sikio tu, ondoka. Watu wanapenda tapeti isiyopiga kelele kabisa. Lakini tapeti iliyobanwa kupita kiasi inazuia valvu kukaa vizuri, na valvu isiyokaa vizuri inaungua. Kelele kidogo ni salama kuliko kimya hicho. Fundi wa mtaani mwenye vibati na anayejua vipimo vya modeli yako anatosha kabisa.

Klachi na magneti ndipo vifaa vinapoanza kuamua. Nati ya klachi ina soketi yake. Magneti inatolewa kwa pula, chombo kinachoivuta taratibu. Fundi asiye navyo anatumia patasi na nyundo, na kila pigo linaenda kwenye shafti na bering ndani. Usiulize "unaweza?", maana hakuna fundi atakayesema hawezi. Sema, "nionyeshe pula yako." Akiwa nayo, mpe kazi. Asipokuwa nayo, zile hela za ziada za wakala ni halali.

Kushusha injini yote, kwa kazi ya krenki au gia za ndani, ndiko ningemfikiria wakala kwanza, au fundi ambaye umeona injini zake zikitembea mwaka mzima. Hitilafu za umeme zinazokuja na kupotea nazo ni ngumu kuwekea bei, kwa sababu unalipia muda wa kutafuta. Kwa hizo mtafute fundi umeme wa pikipiki, sio fundi injini anayejaribu jaribu kukata waya.

Kama pikipiki bado ina waranti

Hapa usifanye ujanja. Pikipiki mpya kwa kawaida inakuja na kitabu chenye sevisi za mwanzo ambazo ufundi wake ni bure, wewe unalipia oili na vitu vinavyobadilishwa. Sevisi ya kwanza mara nyingi iko kati ya kilometa 500 na 1,000. Watu wanaziruka kwa sababu wakala yuko mbali, halafu injini ikigoma wanarudi na kitabu kisicho na mhuri hata mmoja.

Soma pia waranti haigusi nini. Cheni, plagi, breki shuu, sahani za klachi na tairi kwa kawaida huhesabiwa kama vitu vya kuisha, kwa hiyo ukienda kwa wakala ukitegemea bure utalipa bei kamili.

Tahadhari moja kuhusu video za Marekani. Utasikia wanasema mwenye pikipiki anaruhusiwa kufanya sevisi popote na waranti ikabaki. Kule kuna sheria ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayozuia kampuni kwa ujumla kukulazimisha kutumia karakana yake kwa malipo ili waranti iendelee. Na kule karakana za mawakala hutoza kwa saa, mara nyingi zaidi ya dola 100, ndiyo maana watu wake wanapigania jambo hilo. Sheria hiyo haikufuati Mbagala wala Kitale. Kwako kinachosema ni kitabu ulichopewa na risiti yako.

Fundi wa katikati

Kuna kundi la tatu ambalo binafsi nalipenda kuliko yote mawili. Ni mafundi waliowahi kufanya kazi kwa mawakala, wakajifunza modeli mbili tatu vizuri, kisha wakafungua banda lao. Bei yao inazidi kidogo ya kijiweni, lakini wana pula, wana vipimo kichwani, na wanajua spea ipi ya kopi inavumilika na ipi haifai. Unawapata kwa kuuliza madereva wenye pikipiki kama yako, sio kwa kuangalia bango.

Muulize pia nani atashika kazi. Fundi mwenye jina anaweza kupokea pikipiki yako halafu akamwachia kijana wa wiki ya pili. Kwa wakala hilo nalo hutokea, tofauti ni kwamba huruhusiwi kuingia ndani kuona.

Kabla hajafungua boliti ya kwanza, mwandikie meseji ya WhatsApp: kazi gani, ufundi kiasi gani, spea nani ananunua, itaisha lini, na ikirudi ndani ya siku ngapi anarudia bila kutoza. Akijibu "sawa kaka" au "sawa dada", inatosha. Kwa wakala una risiti ya EFD au ile ya eTIMS kwa Kenya, na ndiyo utakayoshika ukirudi kulalamika, kwa hiyo usiondoke bila hiyo hata wakikuambia mtandao umekatika.

Na kama umehamia pikipiki ya umeme, zile za kubadilisha betri kituoni, hesabu yote hii inapungua. Tairi, breki na bering fundi wako ataendelea nazo. Mota, kontrola na betri vinarudi kwa kampuni, kwa sababu programu na spea wanazo wao, na mara nyingi betri yenyewe sio mali yako.