Kutoka Waya wa Ujiji hadi Redio ya Mkononi: Nani Anashika Ufunguo wa Masafa?

Historia ya mawasiliano katika mwambao wa Kigoma inaweza kusimuliwa kwa swali moja tu: chombo kilikuwa cha nani? Swali hili limerudi kwa sura mpya katika miaka hii, kwa kuwa redio ya dijitali ya mkononi sasa inaweza kupangiwa masafa na mtu yeyote mwenye kompyuta, waya wa USB na kivinjari cha intaneti. Kabla ya kushangilia au kuogopa, yafaa tutazame tulikotoka.

Ujiji iliingia katika vitabu vya dunia kwa sababu ya ukosefu wa habari. Stanley alipomkuta Livingstone mjini hapo mwaka 1871, Ulaya haikujua kama mzee yule yu hai au amekufa. Barua zilitegemea miguu ya wapagazi hadi pwani, na safari hiyo ilikuwa ya miezi. Mwaka 1899 Cecil Rhodes alikwenda Berlin kuonana na Kaiser Wilhelm II, akapewa ruhusa ya kupitisha waya wa telegrafu katika koloni la Kijerumani, sehemu ya ndoto yake ya kuiunganisha Cape Town na Kairo. Waya huo ulifika Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20, ukaishia hapo. Wenyeji waliuona ukipita juu ya vichwa vyao, wala haukuwekwa kwa ajili yao.

Kisha ikaja redio, nayo ikaja na vita. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, iliushambulia mji wa Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa kituo cha redio. Mwezi Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Viktoria kuuvamia mji wa Bukoba, na huko pia walilenga mnara wa redio. Tangu mwanzo, basi, dola zilizotutawala ziliiweka redio katika fungu moja na mizinga: mali ya serikali, ya kulindwa ikiwa yako na kubomolewa ikiwa ya adui.

Kigoma yenyewe ilipata somo lake mwaka 1965. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili, Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kwenda Kibamba, upande wa Kongo, kwa jina la siri la Kiswahili: Tatu. Wenzake wawili waliotangulia katika orodha waliitwa Moja na Mbili. Walikuja na silaha na uzoefu wa vita vya msituni, lakini kwa sehemu kubwa ya miezi saba habari baina ya vikosi vyao zilibebwa kwa miguu, milimani, zikifika zimechelewa au zimegeuzwa. Mawasiliano ya redio na Kigoma yalikuja kuimarika kampeni ikiwa ukingoni. Mwezi Novemba redio ikatumika kuomba mashua za kuwaokoa, na tarehe 21 Novemba wakavuka kurudi. Sababu za kushindwa kwao zilikuwa nyingi, za kisiasa zaidi kuliko za kifundi, lakini jeshi lisiloweza kusemezana huanza kushindwa kabla ya adui kufika.

Miaka ya 1990, vita vya Burundi na Kongo vilipowavusha watu kwa maelfu na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996, redio koli zikawa jambo la kawaida mkoani. Tulizizoea kiunoni mwa askari na wafanyakazi wa misaada. Mkimbizi aliyevuka ziwa kwa mtumbwi hakuwa nayo, wala mvuvi aliyempa lifti.

Hapa ndipo teknolojia ya leo inapoanza kuwa na maana. Redio ya mkononi, ikitoka kiwandani, ni kama daftari tupu. Lazima ijazwe: masafa ya kupokea na ya kutuma, majina ya chaneli, na kwa redio za dijitali, namba ya mtumiaji na kundi analozungumza nalo. Katika mfumo wa DMR, ambao sanifu yake ilitolewa na taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, mwaka 2005, chaneli moja ya kilohezi 12.5 hugawanywa katika vipande viwili vya muda, hata mazungumzo mawili yakapita kwa wakati mmoja bila kugongana. Kosea namba moja katika mipangilio hiyo, na redio mbili zilizo mkono kwa mkono hazitasikilizana.

Kwa miaka mingi kazi hii ilihitaji programu ya kampuni iliyotengeneza redio, na mara nyingi ilibaki mikononi mwa wakala. Mwenye redio alimiliki boksi, wakala akamiliki ufunguo. Wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani wale wanaorusha mawasiliano kwa kujifunza na si kwa biashara, ndio waliouvunja utaratibu huo kwa kuandika programu huru. Kivinjari cha Chrome kilipoanza kuruhusu ukurasa wa mtandao kuzungumza na kifaa kilichochomekwa kwenye USB, hata haja ya kusakinisha programu ilianza kuondoka. Unaunganisha waya, unasoma yaliyomo, unarekebisha, unaandika upya.

Je, hili linamfaa mvuvi wa dagaa anayekesha na taa zake katika ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, ambako mtandao wa simu hupotea kadiri nchi kavu inavyokwenda mbali? Linaweza kumfaa, lakini si kwa njia ya mkato. Masafa ya ridhaa, kama megahezi 144 hadi 146, hayaruhusiwi kwa biashara, na uvuvi ni biashara. Masafa ya vyombo vya majini yapo, na chaneli ya 16, megahezi 156.8, imetengwa duniani kote kwa wito wa dharura. Kuiingiza chaneli hiyo katika redio ni kazi ya dakika moja. Kuwa na haki ya kuitumia kunahitaji leseni, na kunahitaji mtu wa kusikiliza upande wa pili.

Kwa hiyo ufunguo mmoja umeshuka mikononi mwa raia, na wa pili bado uko serikalini. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imeipa TCRA mamlaka juu ya masafa, na hilo ni sawa, kwa maana masafa yasiyo na utaratibu huwa kelele. Aidha, hofu ya vyombo vya usalama katika mpaka huu ina historia yake. Lakini hofu hiyo isiwe sababu ya kumwacha mvuvi bila sauti. Kanuni za kimataifa zenyewe hazimzuii aliye katika hatari ya kufa kutumia njia yoyote aliyo nayo kuomba msaada.

Kinachohitajika ni leseni nyepesi na ya bei nafuu kwa vikundi vya wavuvi, kituo cha kusikiliza usiku katika kila mwalo mkubwa, na vijana wa VETA wanaofundishwa kupanga redio kwa usahihi na kwa kufuata sheria. Waya wa Rhodes uliishia Ujiji bila kuwauliza wana Ujiji. Safari hii chombo ni rahisi na maarifa yako wazi. Yakiishia tena mikononi mwa wachache, hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.