Kenya: Huduma zimehamia mtandaoni, fomu bado hujazwa na mhudumu wa saiba

Kenya ilianzisha tovuti ya eCitizen mwaka 2014 ili kukusanya huduma za serikali mahali pamoja. Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alizindua rasmi huduma zaidi ya 5,000 katika tovuti hiyo. Anayehitaji pasipoti au cheti cha tabia njema huanzia huko, na hulipa kwa simu.

Hata hivyo, wapo wananchi wanaoingia katika vibanda vya intaneti, maarufu nchini humo kama saiba, na kumlipa mhudumu awajazie fomu. Kwa njia hiyo gharama huongezeka, na nywila ya mwananchi hubaki mikononi mwa mtu asiyemfahamu.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11 hupima urahisi wa matumizi kwa mambo matatu: iwapo mtumiaji amefikia alilolikusudia, ametumia juhudi na muda kiasi gani, na ameridhika au la. Uzuri wa rangi pekee hautoshi.

Kosa kubwa, na pengine gumu zaidi kurekebishwa, ni kuipanga tovuti kwa mfano wa wizara zilivyo. Mzazi aliyepata mtoto anatafuta cheti cha kuzaliwa. Jina la idara inayokitoa halimhusu. Uingereza ilipozindua GOV.UK mwezi Oktoba 2012, wabunifu wake walifuata kanuni ya kuanza na mahitaji ya mtumiaji.

Lugha nayo ina uzito wake. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini hata Kiswahili chaweza kumfungia mtu mlango. Ujumbe usemao “taarifa si sahihi” haumsaidii yeyote. Usemao “namba ya simu ianze na 07 au 01” humwezesha kujisahihisha papo hapo.

Wengi hutumia simu ya mkononi, tena kwa bando dogo. Ukurasa uliojaa picha nzito hulimaliza kabla fomu haijafika mwisho, na mtandao ukikatika mtu huanza upya, isipokuwa tovuti iwe imehifadhi alichokwisha kuandika. Maandishi ya kijivu hafifu nayo hayasomeki juani. Miongozo ya kimataifa ya WCAG inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli isipungue 4.5 kwa 1.

Majaribio hayahitaji fedha nyingi. Mtaalamu Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 tu hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro, mradi wawe watumiaji halisi, si maofisa waliozoea mfumo. Nchini Kenya hawapo mbali: mhudumu wa saiba huona kila siku ni kisanduku kipi kinachowakwamisha wateja wake.