Vipele vya sehemu za siri (sehemu ya 4): "Umevitoa wapi?"

Leo nilipanga tuongelee matibabu moja kwa moja, ila kuna jambo nimekutana nalo kazini, nikaona nianzie mbali kidogo.

Alikuja mama mwenye mtoto wa miezi mitatu. Wakati anajisafisha aliona vidoadoa vya rangi ya maziwa kwenye mashavu ya uke, akamwonyesha mumewe. Mume akauliza swali moja tu: "Umevitoa wapi?" Alipofika kwetu alikuwa ameshalala kwa dada yake siku mbili, na begi la nguo liko huko.

Tukamchunguza. Kumbe ni vitezi vya mafuta vya kawaida kabisa! Daktari wa ngozi wa Marekani, John Addison Fordyce, alivieleza mwaka 1896 na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Haviwashi, haviumi, haviambukizi, na havihitaji dawa kwa sababu sio ugonjwa. Wanaume wanavyo, wanawake wanavyo, wengine wanavyo hata kwenye midomo.

Sasa hilo swali la "umevitoa wapi" lina historia yake. Kuna kipindi waliulizwa watu wa nchi nzima, tena hapa jirani.

Mwaka 1907 Waingereza walimtuma Uganda daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, akaangalie ugonjwa wa vidonda na vinundu uliokuwa umeenea. Akaripoti kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Buganda wana kaswende. Na lawama akajua pa kuipeleka: eti wanawake wamepata uhuru mno tangu Ukristo uingie na taratibu za zamani za kuwabana zilegee. Yaani mtu anaangalia kinundu kwenye kinena, anaandika tabia ya wanawake wote!

Tatizo ni kwamba kulikuwa na buba. Bibi zetu waliijua vizuri. Buba inapita ngozi kwa ngozi, hasa kwa watoto wanaocheza pamoja, na haihusiani na ngono hata kidogo. Ila vinundu vyake vinapenda sehemu zenye unyevu: kwapani, kwenye kinena, kuzunguka njia ya haja kubwa. Kaswende ya hatua ya pili nayo huota vinundu vyenye majimaji hapohapo. Ukiviangalia kwa macho utachanganya.

Na hata maabara isingewasaidia sana. Bakteria wa kaswende aligunduliwa Ujerumani mwaka 1905 na Schaudinn na Hoffmann. Mwaka huohuo Castellani akamwona wa buba kule Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Hawa wawili ni ndugu wa karibu mno, kwenye hadubini wanafanana. Kipimo cha damu cha Wassermann kilichokuja 1906 kinatoa chanya kwa wote wawili, na hata vipimo vya damu tunavyotumia leo haviwatenganishi.

Kwa hiyo watu walilazimishwa kupimwa, wakachomwa sindano za zebaki, ambayo ni sumu. Hospitali ya Mulago mnaijua? Ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa haya ya zinaa. Miaka mingi baadaye madaktari waliporudia ushahidi ule waliona kwamba sehemu kubwa ya "kaswende" ile huenda haikuwa ya zinaa. Bado wanabishana ni kiasi gani, maana kaswende yenyewe nayo ilikuwepo. Ila aibu ilishagawiwa kwa wote, wenye nayo na wasio nayo.

(Kuna zuri moja lililotokana na kampeni ile: nesi Katharine Cook alianzisha kule Mengo mafunzo ya wakunga wa Kiafrika. Sisi wakunga tuna asili ya ajabu.)

Masundosundo nayo yana kesi yake. Warumi wa kale waliyaita tini, kwa umbo lake. Mwaka 1954 madaktari wa Marekani walionyesha wazi kwamba yanapita kwa kujamiiana, baada ya kuona wake wa wanajeshi waliorudi kutoka Korea wakiyaota wiki chache baada ya waume kurudi. Hapo unaweza kusema "si unaona!" Subiri kwanza. Kirusi chenyewe, HPV, kinaweza kukaa kimya mwilini miezi mingi, hata miaka, ndipo vioteo vitokee. Ujauzito nao unaweza kuvifanya vikue haraka. Kwa hiyo masundosundo yakitokea leo hayakuambii nani kaleta wala lini.

Basi ukiona kipele, usikikamue, usikipake dawa ya meno wala maji ya betri (ndiyo, nimeona). Kama umetoka kunyoa na kina unywele katikati, acha wembe, kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kipe siku chache. Kinundu laini chenye kishimo katikati, vioteo vinavyoongezeka, malengelenge yanayouma, uvimbe pembeni mwa mlango wa uke, hivyo njoo tuvione. Kidonda kisichouma ndicho usikidharau kabisa, maana kaswende huanza hivyo, na ukiwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Inatibika kwa penisilini, na mwenzi wako anatibiwa pia. Mjamzito mwenye masundosundo asipake podofilini ya dukani, ina madhara kwa mtoto. Na mtoto mdogo akiwa na vipele huko, mlete bila kumchapa na bila kumhoji kwa ukali. Tutamwangalia taratibu.

Yule mama nilimwomba aje na mumewe. Walikuja juzi. Daktari akamwonyesha baba vidoadoa kama hivyohivyo kwenye mdomo wake mwenyewe, kwa kioo. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza begi liko kwa shemeji gani.

Sehemu ya 5 nitaongelea chanjo ya HPV kwa mabinti. Naingia zamu ya usiku, maswali yenu nitajibu asubuhi.