Bunduki ya Albini na Hesabu ya Risasi katika Dola Huru la Kongo

Bunduki iliyobebwa na wengi wa askari wa Force Publique wakati wa Dola Huru la Kongo haikuundwa kwa ajili ya Afrika. Iliitwa Albini-Braendlin, kwa majina ya Augusto Albini, ofisa wa jeshi la majini la Italia, na Braendlin, fundi wa silaha wa Birmingham. Ubelgiji iliikubali mwaka 1867, wakati majeshi ya Ulaya yalipokuwa yakihangaika kuziacha bunduki za kushindiliwa mdomoni. Mwaka 1889 Wabelgiji walichagua Mauser ya milimita 7.65, na kiwanda kizima kikaanzishwa Herstal, karibu na Liège, kwa ajili ya kuitengeneza. Albini ikawa silaha iliyopitwa na wakati, na silaha iliyopitwa na wakati bei yake ni nafuu. Mfalme Leopold wa Pili, aliyekuwa akilijenga jeshi la dola lake kwa fedha za kukopa, hakuwa na sababu ya kuikataa.

Waandishi wa historia ya kijeshi wamebishana juu ya ubora wake. Hoja za upande wa sifa si dhaifu. Mtutu wake ulikuwa wa milimita 11, wenye michirizi ndani ya kuizungusha risasi. Nyuma ya mtutu palikuwa na kifuniko cha chuma chenye bawaba, ambacho askari alikiinua kuelekea mbele, akaitia risasi kwa mkono, akakifunga. Nyundo ilipoanguka, kijiti cha chuma kilichoungana nayo kiliingia ndani ya kifuniko na kukikaza, hata kisiweze kufunguka wakati baruti inapolipuka. Mtambo huu ulikuwa na sehemu chache, nazo nene. Askari aliyefundishwa kwa muda mfupi aliweza kuutumia, na matope hayakuukwamisha upesi. Zaidi ya hayo, baruti ilikuwa imefungwa ndani ya ganda la shaba, ikakingwa na mvua. Mwenye gobori katika msitu wa Maniema aliijua shida ya baruti iliyolowa.

Upande wa kasoro nao una mengi ya kusema. Albini ilipiga risasi moja tu kwa kila kujazwa. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 4, ikampiga teke begani yule aliyeifyatua. Baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi lililomficha adui na kumfichua mpigaji, na masizi yake yaliuchafua mtutu, ikabidi usafishwe mara kwa mara. Mbele ya Mauser, Albini ilikuwa mzee mbele ya kijana. Hata hivyo vita vya 1914 viliikuta bado mikononi mwa sehemu kubwa ya Force Publique.

Lakini mabishano haya yana upungufu mmoja: yanaipima bunduki kama kwamba ingepambana na Mauser. Katika Kongo ya 1892 haikupambana na Mauser. Ilipambana na gobori, na hilo halikutokea kwa bahati. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliotangazwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa, ulipiga marufuku kuingiza bunduki zenye mitutu ya michirizi na risasi za ganda katika sehemu kubwa ya Afrika. Biashara iliachiwa gobori za jiwe zisizo na michirizi, na baruti ya kawaida. Majeshi ya serikali za kikoloni hayakuguswa na katazo hilo. Hivyo bunduki ambayo Ulaya ilikuwa ikiitupa ilifanywa kuwa bora barani Afrika kwa kalamu ya wanasheria kabla ya kufyatuliwa.

Vita vya 1892 hadi 1894 dhidi ya Waarabu na Waswahili wa Maniema hutolewa kuwa ushahidi mkuu wa ubora wa Albini. Nyangwe iliangukia mikononi mwa Dhanis mwezi Machi 1893, Kasongo mwezi Aprili. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huohuo, na Rumaliza akashindwa mwanzoni mwa 1894. Wanaoisifu bunduki husahau kuhesabu watu. Askari wa kawaida wa Dhanis walikuwa mamia machache. Umati uliokwenda nao ulikuwa wa Ngongo Lutete, aliyekuwa amemtumikia Tippu Tip na kuhamia upande wa Dola mwezi Septemba 1892, nao wengi walibeba gobori zilezile walizobeba maadui zao. Bila Ngongo Lutete, Albini zisingefika Kasongo kwa urahisi huo. Malipo yake yanajulikana: mwezi Septemba 1893 ofisa wa Kibelgiji alimhukumu kwa tuhuma za usaliti, akapigwa risasi.

Jambo ambalo halina budi kuangaliwa zaidi ni risasi yenyewe. Gobori ilikuwa silaha duni, lakini ilimwachia mwenyewe uhuru fulani. Ilikula baruti ya dukani, na ilipokosa risasi ya kununua, ilikula vipande vya chuma au shaba vilivyokatwa na mhunzi wa kijijini. Albini haikula chochote ila chakula chake, kilichotoka kiwandani Ulaya, kikapita Boma, kikafungiwa katika ghala ambalo ufunguo wake ulikuwa kwa Mzungu. Mwanafunzi wa lugha atakumbuka kwamba katika Kiswahili cha zamani risasi ya ganda iliitwa pia kiasi, yaani kipimo cha baruti kilichopimwa tayari. Neno hilo linafaa kuliko walivyodhani waliolitumia, kwa maana kitu kilichopimwa ni kitu kinachoweza kuhesabiwa.

Nacho kilihesabiwa. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1904, konsuli wa Uingereza Roger Casement alieleza mambo aliyoyasikia mwaka uliotangulia katika nchi za mpira. Askari aliyetumwa kukusanya mpira alipewa risasi kwa idadi, akatakiwa kurudisha zisizotumika, na kwa kila iliyotumika alete mkono wa kuume wa mtu. Ofisa alitaka uthibitisho kwamba risasi haikupotea katika kuwinda. Matokeo yake yaliandikwa pia: askari aliyempiga mnyama kwa ajili ya nyama alifidia hesabu kwa kumkata mkono mtu aliye hai. Casement aliambiwa kwamba kwenye mto mmoja zilitumika risasi 6,000 katika miezi sita. Tume ya uchunguzi ambayo Leopold mwenyewe alilazimika kuiunda ilisikiliza mashahidi mwaka 1904 na 1905, nayo haikuweza kuyakanusha maovu hayo.

Hapa maneno “sifa” na “kasoro” hubadilishana mahali. Kupiga risasi moja moja ni kasoro kwa askari anayekabiliwa na adui. Kwa mkuu wa kituo, bunduki inayotumia risasi polepole na kwa hesabu inayofuatika ilikuwa rahisi kuisimamia. Kutegemea ganda la kiwandani ni udhaifu vitani. Kwa Dola kulikuwa ni kamba ya kumfunga askari wake mwenyewe. Haitakuwa haki kusema kwamba Albini ilisababisha ukatili wa mpira. Kiu ya faida ndiyo iliyousababisha, na walinzi wa makampuni waliokuwa na gobori tu walitesa vilevile. Lakini desturi ya kudai mkono kwa risasi isingeeleweka mahali ambapo baruti inachotwa kwa kijiko.

Kamba hiyo ilikatika mara kadhaa. Mwezi Julai 1895 askari wa Luluabourg, miongoni mwao watu wa Ngongo Lutete ambao hawakuusahau mwisho wake, walimuua kamanda wao na kuelekea mashariki na silaha zao. Kwa mara ya kwanza maofisa wa Dola walisimama mbele ya bunduki yao wenyewe, nao katika mapigano kadhaa hawakuona kwamba ilikuwa mbovu. Mwezi Oktoba waasi walishindwa upande wa Lomami. Mwaka 1897 wakaasi askari wa msafara wa Dhanis uliokuwa njiani kuelekea Nile, na ilichukua miaka kadhaa kuwatuliza. Pande zote mbili zilibeba Albini. Tofauti ni kwamba upande mmoja uliendelea kupokea risasi kutoka Boma, na mwingine ulizitafuta katika ghala za vituo ulivyoviteka na katika mifuko ya waliokufa.