Mizani Haisemi Yote: Historia ya Kitambi na Insulini kwa Mwanamke

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini sogeza redio karibu. Leo sitaanza na dawa wala chakula. Nitaanza na kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Nilipokuwa muuguzi mpya katika zahanati moja ya mashambani, alikuja mama wa miaka arobaini na kitu. Alisema anachoka haraka, ana kiu, na usiku anaamka mara tatu kwenda haja ndogo. Nilimpandisha kwenye mizani, nikapima urefu wake, nikatazama jedwali lililobandikwa ukutani. Nikamwambia, "Mama, umezidi kidogo tu, usijali." Mikono yake ilikuwa myembamba na miguu pia, lakini tumbo lilikuwa limetokeza hadi leso ikawa inamsumbua kufunga. Nyuma yake kwenye foleni alikuwa mama wa nyonga pana na mapaja mazito, kilo zake nyingi zaidi. Huyo nilimkemea mbele ya watu kwamba anajitafutia ugonjwa wa sukari.

Baada ya miezi michache yule wa kwanza alirudi na kidonda mguuni kisichopona. Tulipompima, sukari ilikuwa juu sana. Wa pili tulimpima pia, na sukari yake ilikuwa sawa. Dalili za yule wa kwanza zilikuwa wazi tangu siku ile, nami nikaacha mizani iniamulie. Hilo limenikaa moyoni. Baadaye nikaanza kusoma, na nikagundua kwamba jambo lililonishinda mimi lilikuwa limeandikwa kabla hata mama yangu hajazaliwa.

Aliyeliandika ni daktari Mfaransa aliyeitwa Jean Vague, wa mji wa Marseille. Mwaka wa 1947 alichapisha makala akisema kwamba wanene si wa aina moja. Wapo walio na mafuta sehemu ya juu ya mwili, yaani shingoni, mabegani na tumboni, jinsi wanaume wengi wanavyonenepa. Na wapo walio na mafuta chini, kwenye nyonga, makalio na mapaja, jinsi wanawake wengi wanavyonenepa. Alikuwa akiwapima wagonjwa wake, akilinganisha mafuta ya mkono na ya paja. Aliona kwamba kisukari na magonjwa ya mishipa ya damu yaliwaandama zaidi wale wa aina ya kwanza, hata wakiwa wanawake. Mwaka wa 1956 akayaeleza tena kwa Kiingereza katika jarida la Marekani.

Mngetarajia madaktari wakimbilie futi ya fundi wa nguo siku hiyo hiyo. Hapana. Kwa zaidi ya miaka ishirini wengi hawakumjali. Mizani ilikuwa imetawala. Mwaka wa 1959 kampuni ya bima ya Metropolitan Life ya Marekani ilitoa majedwali mapya ya uzito unaofaa kwa kila urefu, na majedwali ya namna hiyo yakaenea duniani. Kampuni ya bima inataka namba moja rahisi, na sisi tuliofunzwa uuguzi tukairithi namba hiyo bila kuuliza ilitoka wapi.

Sasa tuiangalie insulini, maana bila kuielewa huwezi kuelewa kwa nini tumbo lina hatari. Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Ukila ugali, chapati au viazi, chakula hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Insulini ndiyo inayobisha hodi kwenye misuli, ini na mafuta ili sukari ipokewe. Ilipogunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka wa 1921, watu walifikiri kisukari chote ni upungufu wa insulini. Lakini mwaka wa 1936 daktari Mwingereza, Harold Himsworth, alionyesha kuwa wapo wagonjwa ambao ukiwapa insulini, mwili hauitikii ipasavyo. Hodi inabishwa na mlango haufunguki.

Kuthibitisha hilo kulihitaji kipimo cha insulini yenyewe kwenye damu, na kipimo hicho hakikuwepo. Kililetwa mwaka wa 1960 na Solomon Berson pamoja na Rosalyn Yalow, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York. Yalow alikuwa mama wa watoto wawili, na mwaka wa 1977 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo; mwenzake Berson alikuwa ameshafariki. Walikuta kwamba watu wengi wanaopata kisukari ukubwani hawakosi insulini. Wengine wanayo nyingi kuliko watu wazima wa afya. Kongosho linaongeza bidii kwa sababu mwili umekuwa mgumu wa kusikia. Linafanya hivyo miaka mingi kimya kimya, mama hajui kitu, halafu siku moja linachoka. Hapo ndipo sukari hupanda.

Sasa nyuzi mbili zikaunganishwa: mafuta ya Vague na insulini ya Yalow. Mwaka wa 1982 Ahmed Kissebah na wenzake huko Milwaukee, Marekani, walichukua wanawake wanene waliojiona wazima. Hawakuwapanga kwa kilo. Waliwapanga kwa umbo, wakapima kiuno na nyonga, kisha wakawapa sukari ya kunywa na kufuatilia damu. Wale wa mafuta ya juu walipandisha sukari na insulini zaidi, na baadhi yao walikutwa tayari na kisukari bila kujua. Wenzao wa nyonga, ingawa walikuwa wanene kama wao, walikuwa na hali nafuu.

Kisha likaja jibu kutoka Göteborg, Sweden. Huko wanawake 1,462 wa umri wa miaka 38 hadi 60 walipimwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufuatiliwa kwa miaka 12. Matokeo yalitoka mwaka wa 1984: wale ambao kiuno kilikuwa kikubwa kulinganisha na nyonga ndio waliopata zaidi mshtuko wa moyo, kiharusi na kifo. Kwa hiyo hatari haikuwa kwenye karatasi za maabara tu. Wengine walikuwa wamezikwa.

Kwa nini tumbo? Wajapani wa Osaka walitumia mashine ya CT skani katika miaka ya 1980 kutazama ndani, wakaona kwamba kitambi kina vyumba viwili. Kuna mafuta chini ya ngozi, yale unayoweza kuyashika kwa vidole. Na kuna mafuta ya ndani kabisa, yaliyozunguka matumbo. Haya ya ndani ndiyo yaliyofuatana zaidi na sukari mbaya. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mafuta haya humwaga mafuta yake kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likijaa mafuta, haliisikii insulini vizuri, linaendelea kutoa sukari hata wakati haihitajiki. Mafuta ya nyonga na mapaja ni kama ghala lenye mlango mzuri: yanahifadhi na hayamwagi ovyo. Waswidi wale wale walionyesha mwaka wa 1985 kwamba mafuta ya mapaja hufunguka kwa urahisi zaidi mama anaponyonyesha. Kwa hiyo unapomcheka mwenzako kwa nyonga zake, kumbuka huenda ndizo zilizomsaidia kunyonyesha mtoto. Lakini hedhi ikishakoma, homoni hubadilika na mafuta huhamia tumboni, hata kwa mama ambaye hakuwahi kuwa na kitambi.

Hapa sitaki nieleweke vibaya. Sisemi mwenye nyonga kubwa ale mandazi na soda apendavyo. Unene mwingi, popote ulipo, unaumiza magoti na unaweza kupandisha presha. Na wapo wanaopata kisukari bila kitambi.

Kuna wanaoniuliza, "Sista, si daktari ayanyonye tu hayo mafuta?" Hilo nalo limejaribiwa. Mwaka wa 2004 watafiti wa St. Louis, Marekani, walitoa ripoti ya wanawake wanene 15, saba kati yao wakiwa na kisukari. Walinyonywa karibu kilo kumi za mafuta ya tumbo kila mmoja. Baada ya wiki kumi hadi kumi na mbili wakapimwa tena. Tumbo lilikuwa limepungua, lakini insulini ilifanya kazi vile vile kama mwanzo. Bomba la daktari lilitoa mafuta ya chini ya ngozi. Yale ya ndani yalibaki mahali pake.

Kilichofanya kazi ni cha bei nafuu zaidi. Mwaka wa 2002, huko huko Marekani, utafiti wa zaidi ya watu 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari ulionyesha kwamba waliobadili chakula na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Dawa ya metformini ilipunguza kwa asilimia 31. Lengo lao lilikuwa kupunguza uzito kwa asilimia saba tu. Mama wa kilo 80 ni kama kilo tano na nusu hivi. Mafuta ya ndani huwa miongoni mwa yanayoanza kupungua.

Huna futi ya fundi nyumbani? Chukua kamba. Ipime kwa urefu wako kutoka utosini hadi kisigino, uikate hapo, kisha uikunje mara mbili. Simama wima, toa pumzi, uizungushe kiunoni katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Usijibane, na usivute tumbo ndani, hakuna anayekutazama. Kama ncha hazikutani, njoo kliniki tukupime sukari. Kama unayo futi, sentimita 80 kwa mwanamke ndiyo alama ya kuanza kuangalia. Mjamzito asijipime hivi; na aliyejifungua juzi asubiri kwanza.

Yule mama wa kidonda alipona baada ya wiki nyingi za kusafishwa na dawa. Tangu siku hizo naweka futi mfukoni mwa koti langu, pamoja na kalamu. Juma lijalo, saa hii hii, tutaongea juu ya sukari inayopanda wakati wa ujauzito. Waiteni pia mabinti zenu, na kamba mliyoikata leo iwekeni mahali mtakapoiona.