Alizeti za Nebraska: Kumsoma Willa Cather Kutoka Singida

Mtu wa Singida akisikia neno alizeti anawaza mafuta, mashudu na bei ya gunia. Kumbe mmea wenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, ambako wenyeji wa kule waliulima maelfu ya miaka kabla meli za Wazungu hazijatia nanga. Na ipo riwaya moja ya mwaka 1918, *My Ántonia*, ambamo alizeti zimejipanga kandokando ya njia za vumbi. Mfanyakazi mmoja wa shamba anamsimulia mtoto kwamba Wamormoni walimwaga mbegu zake walipokuwa wakihamia Utah, ili wenzao wa nyuma wajue njia. Mtoto akikua anaambiwa kwamba wataalamu wa mimea hawakubaliani na hadithi hiyo. Yeye anaipenda hivyohivyo.

Mwandishi ni Willa Cather. Alizaliwa Virginia mwaka 1873, na mwaka 1883, akiwa na miaka tisa, familia yake ikahamia Nebraska. Virginia ni milima na miti. Nebraska ilikuwa nyasi, upepo na mbingu tupu. Reli ilikuwa imeshafika, na ilishusha watu kutoka kila pembe: Waswidi, Wacheki, Wajerumani, Wanorwe. Cather alikua akiwasikiliza akina mama wa Kizungu wasiojua Kiingereza vizuri wakisimulia walikotoka. Baadaye akasoma chuo kikuu Lincoln, akamaliza mwaka 1895, akaenda Pittsburgh, halafu New York, ambako alikuwa mhariri wa jarida la *McClure's*.

Sasa hapa ndipo hadithi inapotuhusu. Riwaya yake ya kwanza, *Alexander's Bridge* ya mwaka 1912, inazungumzia watu wa Boston na London. Ni riwaya ya mtu anayeandika kile anachodhani wasomi wanataka. Sarah Orne Jewett, mwandishi aliyemtangulia kwa umri, alikuwa ameshamshauri aache kazi ya jarida na aandike kuhusu anachokijua. Mwaka 1913 akatoa *O Pioneers!*, riwaya ya wakulima wa Nebraska. Cather mwenyewe alikuja kueleza kwamba mhakiki mmoja wa New York alitamka wazi kuwa yeye hajali hata kidogo yanayotokea Nebraska, awe ameyaandika nani.

Sisi wa katikati ya nchi tunaijua lugha hiyo. Ukitaja fasihi ya Kiswahili watu wanataja Zanzibar, Mombasa, Tanga, na siku hizi Dar es Salaam. Singida? Eti kuku na vitunguu.

Tukirudi kwenye *O Pioneers!*, mzee Bergson anakufa na kumwachia binti yake, Alexandra, usimamizi wa shamba, ingawa wapo watoto wa kiume. Ukame unakuja. Majirani wanauza na kuondoka, na kaka zake, Lou na Oscar, wanataka nao wafuate. Alexandra anakataa, anakopa na kununua ardhi zaidi. Miaka kumi na sita baadaye ni tajiri. Ndipo kaka zake, wakiogopa kwamba ataolewa, wanamjia na hoja yao: mali ya ukoo, hata ikiwa na jina la mwanamke, ni ya wanaume. Alexandra hapigi kelele. Anawaambia waende wakamuulize karani, waone hati zinasemaje.

Hebu isome sura hiyo ukiwa umekaa kwenye benchi la baraza la ardhi la kata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini akina Lou na Oscar bado wapo, na hoja yao ni ileile. Tofauti ni kwamba Alexandra alikuwa na karatasi. Wanawake wangapi kwetu wanalima shamba miaka thelathini bila karatasi hata moja?

*My Ántonia* inaingia ndani zaidi. Familia ya Shimerda, wahamiaji kutoka Bohemia, wanaishi kwenye shimo lililochimbwa ukingoni mwa korongo. Majirani wana nyumba za mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi zake. Aliyewahi kuingia kwenye tembe atawaelewa haraka: pasipo mbao, ardhi yenyewe ndiyo ukuta. Baba wa Ántonia, mpiga fidla asiyejua kulima, anajiua wakati wa baridi kali. Binti analima kama mwanamume, kisha anaenda mjini kuwa msichana wa kazi. Cather anawapa wasichana hao sehemu nzima ya kitabu, na anaonyesha kwamba mishahara yao ndiyo iliyolipia plau na mifugo ya baba zao. Sisi tunaopeleka mabinti wa umri huo Dar es Salaam, halafu tunapokea hela kwa simu, tuna riwaya ngapi zinazowapa sehemu nzima?

Ila Cather naye ana upofu wake. Mji wao uliitwa Red Cloud, jina la kiongozi wa Walakota. Wapawnee walihamishwa kutoka Nebraska kwenda Oklahoma miaka ya 1870, kabla tu familia ya Cather haijawasili. Ndani ya *My Ántonia* wenyeji hao wamebaki duara hafifu kwenye nyasi, ambalo wahusika wanabishana lilichorwa na nini. Ardhi inaelezwa kama kitu kinachosubiri jembe. Wilaya ya Mkalama tuna Wahadzabe, ambao kabla ya mahindi na alizeti walikuwa na njia zao za asali na nyama. Anayetaka kuandika riwaya ya wakulima wa Singida asiwafanye duara kwenye nyasi.

Jambo jingine ni msimulizi. Habari za Ántonia tunazipata kwa Jim Burden, mwanasheria wa reli anayeishi New York. Neno "wangu" kwenye jina la kitabu ni lake. Anampenda, anamkumbuka, lakini kalamu anayo yeye.

Kwetu kalamu imewahi kushikwa na mwanamke. Mwaka 1975 Ndyanao Balisidya alichapisha *Shida*, riwaya ya vijana wanaoondoka kijijini bara kukimbilia Dar es Salaam, wakakuta shida imewatangulia. Pamoja na Penina Muhando na Amandina Lihamba aliandika pia tamthilia ya *Harakati za Ukombozi* ya mwaka 1982. Alifariki mwaka 1987. Cather aliishi mpaka 1947 na akaandika riwaya kumi na mbili. *One of Ours* ikampa tuzo ya Pulitzer mwaka 1923. Tofauti yao haikuwa kipaji tu. Mmoja alikuwa na wachapishaji, wasomaji wanaonunua, na miaka.

Kwa hiyo nikimpendekeza Cather kwa wasomaji wa Singida, simpendekezi ili tumuige. Msomeni muone jinsi nyasi, ukame na msichana wa kazi vilivyotosha kuwa riwaya kubwa. Kisha mtafuteni Balisidya, hata kama ni nakala iliyochanika. Halafu mmoja wenu, ikiwezekana yule aliyewahi kufua nguo za watu Dar, achukue daftari aandike bila kumsubiri Jim.