Mlio wa Taipureta Uliorudi Nyumbani



Safari hii nimeombwa niandike habari za kale, nami badala ya kuandika habari za majahazi au za mitaa ya Unguja, ambazo wenzangu wamekwisha kuziandika vizuri kuliko mimi, nimeona niandike habari za kelele. Sababu yake ni hii. Sikukuu iliyopita mjukuu wangu alifungua kompyuta yake sebuleni akaanza kuandika kazi ya skuli, na mara nikasikia taka-taka-taka, kisha kengele, ting! Niligeuka kumtazama ami, naye amefariki tangu mwaka 1991.

Kijana akacheka. "Babu, hii programu tu. Mtu huchagua mlio autakao."

Basi tuanze mwanzo. Taipureta ya kwanza iliyouzwa kwa wingi ilibuniwa na Christopher Sholes na wenzake katika mji wa Milwaukee, Marekani, wakapewa hataza mwaka 1868, na kampuni ya Remington, ambao walikuwa mafundi wa bunduki, wakaanza kuiuza mwaka 1874. Iliandika herufi kubwa tupu. Kelele yake haikutiwa kwa makusudi. Kila herufi ilikaa juu ya mkono mdogo wa chuma, na ulipobonyeza kitufe mkono ule uliruka ukagonga utepe wa wino, na utepe ukagonga karatasi iliyozungushwa kwenye roli ya mpira. Chuma kikipiga mpira hakina budi kulia.

Kengele ndiyo peke yake iliyowekwa ili isikike. Mpigaji taipu hodari haangalii vidole wala karatasi, macho yake yako kwenye maandishi anayonakili. Kwa hiyo mstari ulipokaribia kwisha, zikabaki herufi chache tu, kengele ililia kumwonya: maliza neno lako, kisha sukuma roli uanze mstari mpya. Tafadhali likumbukeni jambo hili, nitalirudia.

Watengenezaji wenyewe waliichukia ile kelele. Katika miaka ya 1920 Remington waliuza mashine waliyoiita Noiseless, yaani isiyo kelele, ingawa nayo ilinong'ona kwa sauti ya kutosha.

Ami naye aliichukia. Mnaomkumbuka mnajua alikuwa karani nyumbani, na alipofika Portsmouth mwaka 1965 kazi aliyoipata haikuwa ya ukarani. Alinunua Imperial kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, akaiweka juu ya meza ya jikoni. Jioni watu walikuja. Huyu anaomba mkewe aruhusiwe kuja, huyu anatafuta kazi, huyu mwanawe amekataliwa skuli. Ami aliwasikiliza kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiingereza, daima nakala tatu kwa kaboni: moja ya ofisi, moja ya mwenye barua, moja ya kuweka. Hakutoza kitu. Lakini nyumba ilikuwa ya ghorofa, na jirani wa chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio kila ilipopita saa mbili ya usiku. Ami alikunja blanketi akaliweka chini ya mashine. Halikutosha, akaongeza la pili. Shangazi alikuwa akisema kwamba katika nyumba ile taipureta ndiyo iliyolala vizuri kuliko watoto.

Hizo Imperial zilitengenezwa Leicester, na hapa pana habari ambayo vijana wetu wengi hawaijui. Kampuni ilianzishwa mjini humo mwaka 1908, na mwaka 1966 ikanunuliwa na Litton ya Marekani. Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972, Baraza la mji wa Leicester lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije huko. Wakaja, kwani hapo ndipo walipokuwa na jamaa zao. Wengi wao, pamoja na wengine waliotoka Kenya, waliingia kiwandani Imperial. Walikuwa watu wa Kampala na Nairobi, wenye Kiswahili cha dukani na sokoni, na sasa wakiunda mashine za makarani.

Tarehe 1 Mei 1974 wafanyakazi 39 waliacha kazi. Walisema bakshishi ya kazi huhesabiwa kwa kiwango cha juu kuliko kile kilichoagizwa, na kwamba Wahindi hawatendewi sawa na Waingereza. Waligoma pia bila ya chama chao, kwani viongozi wa chama cha wafanyakazi mjini hapo hawakuwaunga mkono. Idadi ikafika mamia, wanawake wakiwa wengi, na mgomo ukaendelea karibu miezi mitatu. Mwaka uliofuata, 1975, kiwanda kikafungwa. Mashine ya ami ilikuwa kongwe zaidi, haikupita mikononi mwao. Hata hivyo, mimi ninaposikia sauti ya taipureta ikitajwa kuwa ni kitu cha starehe, hukumbuka kuwa kuna watu waliosimama nje ya lango kwa sababu ya mashine hizo.

Tuingie katika kompyuta. Vitufe vyake havigongi kitu, hufunga umeme tu, na mtu aliyezoea taipureta alijiona kama anayeandika hewani. Hajui kama herufi imeingia au haikuingia. Ndipo mafundi wakairudisha kelele ile ile iliyowasumbua baba zao. Baadhi ya mashine za IBM za miaka ya 1970 zilitiwa ndani ya kibodi kijiti cha chuma kinachovutwa kwa umeme, kazi yake kugonga tu kila kitufe kinapobonyezwa. Ile iitwayo VT100, iliyotolewa na kampuni ya Digital mwaka 1978, ilitoa mlio kwa spika ndogo, na asiyeutaka aliweza kuuzima.

Baadaye haja ikaisha, yakabaki mapenzi. Mwaka 2014 mcheza filamu Tom Hanks, ambaye hukusanya taipureta, alitoa programu ya iPad yenye milio hiyo. Mwaka huo huo, mjini London, gazeti la The Times liliweka spika ndani ya chumba cha waandishi ili itoe mlio wa taipureta, polepole kwanza, kisha kwa kasi kadiri saa ya kumaliza gazeti inavyokaribia. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Gazeti hilo hilo, pamoja na mengine ya tajiri wake, lilihamia Wapping mwezi Januari 1986 kwenda kwenye kompyuta, na wafanyakazi zaidi ya 5,000 wakapoteza kazi zao. Kelele iliitwa irudi. Watu wale hawakuitwa.

Nilimwuliza mjukuu wangu programu yake inafanyaje kazi. Akanieleza kwamba hurekodiwa mlio wa taipureta halisi, na kila kitufe kinapobonyezwa kompyuta hucheza mlio huo papo hapo. Mlio mmoja hautoshi, kwani sikio hugundua upesi kuwa ni ule ule. Ipo moja iitwayo Bucklespring ambayo imerekodi kibodi ya zamani ya IBM kitufe kwa kitufe, mlio wa kubonyeza mbali na mlio wa kuachia, na vitufe vya kushoto husikika sikio la kushoto. Kazi ya mtu mwenye subira.

Lakini ya mjukuu wangu ilikuwa na kosa. Kengele ililia alipobonyeza kitufe cha kuanza mstari mpya. Nikamwambia, "Hiyo imechelewa, mwanangu. Kengele hulia kabla. Ikilia mstari umekwisha kwisha, ya nini tena?" Hakulijua hilo. Angelijulia wapi?

Siku ya pili tukaenda kwa binti wa ami, Coventry, tukaitoa Imperial juu ya kabati. Chini yake palikuwa na sanduku la nakala za kaboni, mia na zaidi, maombi ya watu ambao wajukuu zao watakisoma kitabu hiki. Dada hataki zitoke nyumbani kwake, naye ana haki, kwani ni siri za watu. Anayetaka kutazama ya babu yake na aende kwake, atapewa na chai.

Kijana aliweka simu kando ya mashine, nami nikapiga herufi moja moja, A mpaka Z. Herufi R ilikuwa ikinata tangu zamani, ukibonyeza inangoja kidogo kisha ndipo inapiga. Nilimwambia airuke. Akakataa, akairekodi hivyo hivyo, na kengele akaiweka mahali pake. Sasa akiandika sebuleni R yake huchelewa, na mke wangu aliyeko jikoni huniuliza nani anayeandika.